Kila mtu nyumbani alikuwa na maelezo yake kuhusu ugonjwa wa kaka yangu

Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti na kuona mambo ambayo wengine hawayasikii wala kuyaona. Leo nalitaja jina la ugonjwa huo bila kusita, ila ilichukua muda mrefu mpaka familia nzima ikakubali kuketi pamoja na kulisikia. Ugonjwa wenyewe ulitutesa, sikatai. Kilichotutesa zaidi ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuja na tiba yake, mtu wake wa kulaumiwa na namna yake ya kumtazama mgonjwa.

Mama aliamini kuna mtu aliyemfanyia kaka ubaya kwa kijicho, kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko sote na alianza kuugua muda mfupi baada ya kupata kazi. Baba mdogo alisema ni bangi, basi. Shangazi alikumbusha kwamba hata babu yetu mmoja aliwahi kuwa anazungumza peke yake na kutembea usiku, kwa hiyo jambo hili ni la ukoo na wa kulimaliza ni wazee wa ukoo. Mimi, niliyekuwa nasoma kila nilichokipata, nilisema ni ubongo. Kaka mwenyewe hakuulizwa.

Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Bangi kweli huongeza uwezekano wa ugonjwa huu, hasa kwa kijana anayeanza mapema na kuvuta kwa wingi. Kurithi nako kupo, hata kama si kila mwenye ndugu mgonjwa ataugua. Na mama, kwa lugha ya kijicho, alikuwa anasema jambo ambalo daktari naye angelisema kwa maneno mengine: mwanawe alielemewa pale alipoanza kutegemewa na watu wengi kwa wakati mmoja. Tofauti ilikuwa kwenye kinachofuata. Ukisema bangi, unamgombeza na kumfungia ndani. Ukisema kijicho, unatafuta adui, na jirani aliyekuwa akikusaidia unaacha kumsalimia. Ukisema ukoo, unaficha, kwa sababu kuna mabinti ambao bado hawajaolewa. Ukisema ubongo, unampeleka hospitali na kudhani kazi imeisha.

Hospitali ya kwanza walimpokea akiwa amezidiwa. Alikuwa halali, anajibizana na watu tusiowaona, amekonda. Ndugu tukaambiwa tusubiri nje. Daktari alikaa naye kidogo, akaandika, kaka akachomwa sindano ya haloperidoli, na baada ya muda mfupi tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani na vidonge vyake. Dawa ilifanya kazi. Alilala, akapoa, akaomba mwenyewe maji ya kuoga. Mama alilia kwa furaha.

Kisha jioni moja shingo yake ikaanza kujipinda upande wa kushoto, taratibu, kama inayovutwa na mkono. Macho yakapanda juu mpaka ukabaki weupe mtupu. Taya likakaza, ulimi ukatoka nje, akawa anataka kusema hawezi. Wakati huo alikuwa na akili zake zote. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu na machozi yanamtoka.

Aliyefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili angejua papo hapo kinachoendelea. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, misuli hukaza ghafla katika siku chache za mwanzo. Inatisha kuitazama, lakini zipo dawa za kuilegeza, benzheksoli ikiwa mojawapo, na dozi au aina ya dawa hubadilishwa. Sisi nyumbani hatukulijua hilo. Tulichokiona ni kitu kilicho ndani ya kaka kikipigana na dawa. Shangazi alisema waziwazi: hicho hakitaki sindano, mkiendelea mtamuua. Kwa mtu aliyeyaona yale kwa macho yake, maneno ya shangazi yaliingia akilini kuliko karatasi yoyote tuliyopewa. Vidonge vilitupwa usiku ule ule.

Muda mrefu baadaye niliona kwenye faili lake imeandikwa kwamba familia haitoi ushirikiano. Maneno hayo yananiuma mpaka leo. Kabla hatujaruhusiwa yangetosha maneno machache: shingo au taya vikikaza, ni dawa imemzidi, mrudisheni haraka tumpe ya kulegeza. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nyumbani kulikuwa na maelezo mengine yanayosubiri ushahidi.

Kaka alikaa bila dawa kwa miezi. Katika kipindi hicho alipelekwa mahali pa kuombewa. Sitasema ni wapi wala ni wa imani gani, maana mahali pa namna hiyo papo katika kila imani. Na haki itendeke: walitupokea vizuri kuliko hospitali. Mama alipewa pa kulala. Alisikilizwa mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo moyoni, na kwa mara ya kwanza mtu mzima anayeheshimika alimwambia kwamba si yeye aliyemharibu mwanawe. Ninaposikia watu wanashangaa kwa nini familia zinaanzia kwa mganga au kwa viongozi wa dini badala ya hospitali, nakumbuka uso wa mama siku ile. Alikuwa amepata mahali ambapo huzuni yake ilieleweka.

Lakini kaka alikuwa amefungwa mnyororo. Mguu mmoja, kwenye nguzo, asitoroke usiku. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta ngozi ya kifundo imechubuka, nzi wametua pale kwenye kidonda, na sahani yake imesukumwa mpaka pale mnyororo unapofika. Aliniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha tangu utoto wetu, "Mdogo wangu, naomba unisaidie kwenda chooni."

Hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyokusanya ushahidi wa watu wenye matatizo ya akili kufungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60, za Afrika, Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati na mabara ya Amerika. Indonesia ilipiga marufuku ufungaji huo, ambao wao huuita pasung, tangu 1977, na bado unaendelea. Na wanaofunga mara nyingi ni watu wanaompenda mgonjwa, wanaoogopa atapotea au ataumia, na ambao hawana mahali pengine pa kumpeleka.

Kuna utafiti mmoja ambao kila nikiufikiria naurudia, kwa sababu unaeleza jambo ambalo nililiona kwa macho lakini sikuwa na namna ya kulisema. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, na ulifanyika kwenye kambi ya maombi nchini Ghana. Wagonjwa wote waliendelea na utaratibu wa kambi. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakaongezewa dawa za hospitali. Waliopata dawa dalili zao zilipungua kuliko za wenzao. Ila siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mgonjwa alitulia na mnyororo ukabaki, kwa sababu mnyororo haukufungwa na dalili peke yake. Ulifungwa na wanayoyaamini watu kuhusu hali yake, na hayo hayamezwi na maji kila asubuhi.

Kuheshimu utamaduni wa watu kuna mpaka, na kwangu mpaka ni pale mwili wa mgonjwa unapoumizwa. Maombi yaendelee. Dua ziendelee. Wazee wa ukoo wakae, waseme yao. Mnyororo, fimbo, na kumnyima mtu chakula ili kitu kimtoke, hapana, na sijali nani anasema ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Hata ndani ya utamaduni huo huo wapo waliokataa siku zote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao; yeye ndiye aliyekwenda kumdai mjukuu wake, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mabadiliko yalianza kwa daktari mmoja mwanamke kwenye kliniki nyingine. Alituita wote ndani, tukajazana kwenye chumba kidogo, baba mdogo akabaki amesimama. Akamgeukia mama.

"Mama, kabla sijasema langu, wewe unaona mwanao amepatwa na nini?"

Mama alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. "Nikisema utanicheka, daktari."

"Sicheki, mama. Wewe ndiye uliyekuwa naye alipoanza. Mimi sikuwepo."

Mama akasema. Alisema yote, hata jina la yule aliyemshuku. Daktari hakukubali wala hakukataa; alikuwa anaandika. Kisha akauliza mengine ambayo nayakumbuka vizuri: kwa nini unadhani ilianza wakati ule na si mwingine? Unaogopa nini zaidi katika hali hii? Ungependa tiba imsaidie afanye nini tena? Akamuuliza shangazi, akamuuliza baba mdogo, na mwisho akamuuliza kaka.

Kaka alisema anasikia sauti za aina mbili. Moja ni ya babu, marehemu, inayomwelekeza na wakati mwingine kumkaripia, na hiyo haimsumbui sana. Nyingine ni za watu asiowajua wanaosema watamchoma moto, na hizo ndizo zinazomkimbiza usiku. Alipoulizwa anaogopa nini zaidi, sote tulidhani atasema hizo za moto. Akashika shingo yake. "Naogopa hii isije ikapinda tena."

Tulikuwa tumekaa miezi yote ile tukibishana juu ya wachawi, ukoo na ubongo, na mgonjwa alikuwa anaogopa dawa kwa sababu ya maumivu aliyoyapata kwenye mwili wake mwenyewe. Daktari akaeleza kilichotokea kwenye misuli, akachagua dawa nyingine isiyokaza misuli kwa urahisi, akaanza na dozi ndogo na kumwandikia benzheksoli ya akiba. Kwa shangazi alisema hivi: "Ya ukoo endeleeni nayo, mimi siyajui na siwezi kuyazuia. Ninachoomba, asiachishwe dawa na asifungwe." Shangazi alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu hakuombwa kwanza akane anachokiamini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba maswali yale yana historia. Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyesomea pia anthropolojia, elimu ya jamii na tamaduni za watu, ndiye aliyeyapanga miaka ya 1970 akiwafundisha madaktari kumuuliza mgonjwa anauelewaje ugonjwa wake, chanzo chake, ukali wake na tiba anayoitarajia. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 2013, una mahojiano kamili ya maswali 16 ya aina hiyo. Maswali yapo na yamechapishwa. Ninayemwona akiyauliza ni mmoja mmoja.

Hata zile sauti za kaka nilizielewa vizuri zaidi nilipokutana na kazi ya Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Marekani. Yeye na wenzake waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa huu, 20 San Mateo huko California, 20 Accra nchini Ghana na 20 Chennai nchini India. Wamarekani wengi walieleza sauti zao kuwa za chuki na ukatili, kama ubongo uliovamiwa. Accra wengi walisema wanamsikia Mungu, na kwamba sauti njema ndiyo yenye nguvu. Chennai wengi walisikia ndugu zao wakiwaelekeza na kuwagombeza juu ya kazi za nyumbani. Nilipoyasoma hayo nilimwona kaka, na babu yake anayemkaripia. Kama daktari yule angeamua kwamba kila sauti ni adui wa kuzimwa, angekuwa anamnyang'anya kaka ile moja aliyozoea kuishi nayo. Badala yake alianza na zile za moto.

Siku hizi nakaa na familia nyingine zinazouguza, kwenye kikundi kinachokutana kliniki. Jambo ninaloliona mara nyingi kuliko skizofrenia ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wengi wanaoingia nayo hawasemi kwamba wana huzuni. Wanasema kichwa kinauma. Moyo unakwenda mbio, mgongo unawaka, mwili hauna nguvu, usingizi hauji. Wamepimwa malaria, wamepimwa vidonda vya tumbo, wamepewa vidonge vya maumivu mpaka wamechoka. Kleinman alikutana na jambo hilo hilo Hunan, China, mwaka 1980. Aliwachunguza wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa neva, waliolalamikia maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kukosa usingizi, akakuta 87 kati yao wana sonona kwa vigezo vya Marekani. Mwili husema pale ambapo kuzungumzia huzuni yako ni aibu, au hakuna anayetaka kuisikia.

Usipolijua hili unaweza kuandika upuuzi mkubwa na ukaaminiwa. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akawafananisha na Wazungu waliokatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Aliwapima watu kwa kuangalia nani analetwa wodini. Mwanamke aliyekaa kimya nyumbani na maumivu ya kichwa yasiyoisha hakuletwa Mathari na mtu yeyote, kwa hiyo kwa Carothers hakuwepo. Karne moja kabla yake, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright wa Marekani alidai kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili, akaupa jina la kitaalamu kabisa. Nayataja haya kwa sababu wengi wanaposema utamaduni na ugonjwa wa akili wanawafikiria wagonjwa tu. Daktari naye amelelewa mahali fulani, na anaingia na malezi yake chumbani.

Walikuwepo waliofanya tofauti, na mapema tu. Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyesomea Uingereza, alirudi Abeokuta na kuanzia 1954 akaanzisha utaratibu wa kijiji cha Aro: mgonjwa haachwi peke yake wodini, anakuja na ndugu yake, wanapanga kwa wanakijiji, anatibiwa mchana na jioni anarudi kwenye maisha ya watu. Aliwashirikisha na waganga wa jadi. Dawa za hospitali na tiba ya mshtuko wa umeme alivitumia pia. Hakuona kwamba lazima achague kimoja. Ninapofikiria jinsi tulivyoambiwa tusubiri nje, zaidi ya nusu karne baada ya Aro, nashindwa kuelewa.

Na huko Zimbabwe, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akiwafundisha kumsikiliza mtu aliyeelemewa na kumsaidia kupanga hatua moja baada ya nyingine, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi hilo lilihusishwa na afya ya akili, watu wakalikwepa. Bibi wenyewe ndio walioshauri liitwe la urafiki. Wanatumia maneno ambayo Washona wenyewe hutumia kwa mtu anayewaza kupita kiasi, na hawamlazimishi mtu kwanza akiri kwamba ni mgonjwa wa akili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kwa kiasi kikubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mama mmoja wa kikundi chetu alinifundisha kwa nini hilo linafanya kazi. Alikuwa amefiwa na mume, akawa na maumivu ya kifua yasiyoonekana kwenye kipimo chochote. Aliambiwa kliniki ana sonona, akakataa, akakasirika, hakurudi kwa wiki kadhaa. "Mimi sina kichaa," alisema. Siku aliyorudi, bibi mmoja wa kikundi alimuuliza tu kifua kinambana saa ngapi. Akajibu: saa ambayo marehemu alikuwa anarudi nyumbani. Akaanza kulia pale pale, na tukakaa naye. Dawa alizikubali wiki iliyofuata, kwa ajili ya kifua, na hakuna aliyeona sababu ya kumsahihisha.

Kwa sasa tumeiomba kliniki mambo mawili. La kwanza, fomu ya kumpokea mgonjwa iwe na nafasi ya kuandika yeye na ndugu zake wanadhani ni nini, na wamekwishajaribu nini kabla ya kufika. La pili, asiruhusiwe mtu yeyote aliyeanzishiwa dawa hizi kurudi nyumbani kabla ndugu mmoja hajaitwa ndani na kuonyeshwa, kwa vitendo, shingo inavyojipinda dawa ikizidi na wapi pa kukimbilia usiku. La pili limekubaliwa, na wauguzi wenyewe ndio wanaoonyesha. La kwanza bado tunaambiwa foleni ni ndefu na muda hautoshi. Tumejitolea kuuliza wenyewe, pale kwenye benchi la kusubiria, na kumkabidhi muuguzi karatasi kabla mgonjwa hajaingia. Tunaanza wiki ijayo.